Aliyemwosha Mwana wa Bibi

Siku hizi nakaa Nizwa, huku Omani, kwa binti yangu, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri huja kwangu vijana wa Kijapani. Wamekuja kujifunza Kiarabu katika chuo kimoja karibu na hapa, lakini kitabu chao kinafafanua Kiarabu kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho ndicho kinachowashinda. Mjukuu wangu anayefanya kazi hapo chuoni akawaambia, "Bibi yangu kasomesha Kiingereza mpaka kastaafu, twendeni." Basi wakaja, wakavua viatu mlangoni, wakavipanga vizuri kuliko wanavyopanga wajukuu zangu, na tangu hapo hawajaacha kuja.

Taabu yao ni zile sentensi ndefu zenye mtu ambaye hivi na kitu ambacho vile. Huwaambia kwamba sentensi ni nyumba, na maneno yale yanayoanzia kwenye "ambaye" ni baraza lake. Liondoe baraza, liweke pembeni. Ukiona nyumba bado imesimama, umeshaifahamu sentensi, sasa lirudishe baraza mahali pake.

Msichana mmoja kati yao, mcheshi, alicheka. "Bibi, sisi kwetu tunajenga baraza kwanza. Nyumba inakuja mwisho kabisa."

"Wewe hujapata kuifikia hiyo nyumba," mwenzake akamtania. "Unazungumza mpaka chai inapoa."

Ijumaa moja niliwataka kila mmoja atunge sentensi yake mwenyewe. Yule mpole wao, ambaye huzungumza kwa nadra, alisema kwa Kiingereza kilichonyooka, "Mtu aliyemwosha babu yangu alikuwa mgeni." Akatueleza kwamba mjini kwao wako watu ambao kazi yao ni kuosha maiti. Walikuja, wakamwosha mzee kwa heshima kubwa huku jamaa wamekaa wanatazama, wakafunga vyombo vyao wakaondoka. "Hata jina lake sikumuuliza," akasema.

Nikamwambia sentensi yake ni sahihi, kisha nikaomba tupumzike tunywe kahawa, kwa sababu sikuweza kuendelea. Moyo wangu ulikuwa umeshafika Ibra.

Ndugu yangu unayenisikiliza, tulipohamia Ibra, huku huku Omani, kutoka Unguja nilikuwa na umri wa kuanza kutumwa. Tulikuja mimi na bibi yangu, tukapokewa na kaka yake katika nyumba ya udongo iliyokuwa ng'ambo ya mitende. Baba alibaki nyuma. Ndiye mtoto pekee wa bibi aliyekuwa hai, na alisema angetufuata mambo yake yakitengenea. Asubuhi nilichota maji kwenye mfereji wa falaj kabla wanyama hawajayachafua, nikachagua mchele, nikatwanga kahawa na iliki. Bibi alijaribu kupika mapishi ya kwetu. Nazi haikuwepo, na wali aliopika bila tui aliuonja akautazama kama mtu aliyeibiwa. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, wengine hata huu hawana," akatupakulia.

Bibi aliihitimu Kurani tangu utotoni, lakini Kiarabu cha watu wa Ibra kilimpita masikioni. Mimi nilikuwa nikikiokota chuo cha Kurani na mferejini, watoto wakinicheka, "Msikilizeni Mswahili!" Kwa hiyo nikawa ulimi wake. Kila alipofika mgeni kutoka Sur, ambako ndiko walikoshukia watu waliotoka Unguja, bibi alikaa nyuma ya pazia la sabla, chumba cha wageni wanaume, akinibana mkono. "Anasemaje? Kamtaja baba yako?"

Siku hiyo mgeni alifika adhuhuri, nguo zake zimejaa vumbi la njia. Kaka yake bibi alimkaribisha, wakaamkiana, kisha akamuuliza kama ilivyo ada, "Kuna habari? Kuna jambo?" Mgeni akajibu, "Hakuna habari. Ni heri tu na salama."

Nikamwambia bibi, "Kasema ni heri tu na salama."

Bibi alisubiri kidogo. Kwetu Unguja nako mtu huulizwa hali akasema njema hata kama nyumbani kwake kuna maiti, lakini hapo hapo, kwa pumzi ile ile, huongeza neno "lakini". Bibi aliitegea sikio hiyo "lakini" na hakuisikia. Akageukia kibla, akaporomoka chini, akasujudu sijda ya kushukuru.

Jirani yetu, mwanamke wa Ibra aliyekuwa amekuja kutusaidia kuoka mikate, aliinuka upesi akanishika bega. "Binti, mwambie bibi yako ainuke. Kahawa bado haijapita."

Sikuelewa, lakini nilimwambia bibi vivyo hivyo. Aliinua uso, paji limeshika vumbi. Upande wa pili ilisikika sahani ya tende ikiwekwa, halafu kahawa ikimiminwa, kikombe kikijazwa tena, mgeni akikitikisa kuonyesha ametosheka. Hakuna aliyeharakishwa. Lile "hakuna habari" lilikuwa salamu tu, habari yenyewe hungoja kahawa ipite. Huko ndiko kulikuwa kumstahi mgeni, na pia kumstahi mwenye msiba, kwamba asipigwe na habari kabla hajakaa. Kisha mgeni akakohoa, akasema habari aliyokuja nayo. Yule kijana aliyebaki Unguja, ambaye mama yake yumo katika nyumba hii, alishikwa na homa na Mwenyezi Mungu amemchukua.

Mimi ndiye niliyemwambia. Niligeuza kwa Kiswahili neno baada ya neno, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kugeuza, na nilipofika mwisho ndipo nilipojua kwamba aliyekufa ni baba yangu.

Bibi alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akanivuta kifuani. Kisha akanong'ona, "Muulize, nani aliyemwosha."

Niliuliza kwa sauti kupitia pazia. Mgeni alisema yeye hakuwepo, habari kaipata kwa mtu aliyeisikia kwa mtu aliyekuwepo mazikoni. "Watakuwa wamemwosha watu wa msikiti, bila shaka," akasema. Bibi akataka kujua, msikiti upi? Mgeni hakujua.

Hakulitaka jina hilo kwa udadisi. Alitaka kumwombea. Alisema mtu aliyemwosha mwanao amekusitiria, na usipomtaja katika dua unakuwa umekula haki yake. Pia alihofu, ingawa hili alilisema mara moja tu, kwamba pengine hakupatikana mtu. Tangu hapo kila mgeni aliyetoka Sur aliulizwa swali lile. Bibi sasa alikuwa ameshajifunza ada ya Ibra. Aliningojesha mpaka kikombe kitikiswe, kisha akanigusa. "Haya mama, sasa." Nami niliuliza, "Yule aliyemwosha mtoto wa bibi yangu, ni nani, na yuko wapi?" Wengine walisema Allah ndiye ajuaye. Mmoja alilia. Wote waliondoka na sisi tukabaki tulivyokuwa.

Nilipokwenda skuli mwalimu alishangaa kwamba sentensi zenye "ambaye", ambazo wenzangu walizikimbia, mimi sikuzikosea. Sikumwambia nilikozipata.

Basi bibi akakata shauri kuomba bila jina. Kila baada ya sala ya alfajiri nilimsikia akisema, "Mola wangu, mrehemu yule aliyemwosha mwanangu. Wewe unamjua." Alipokwisha kusema hivyo alikunja msala, akaniamsha niende mferejini.

Alifariki nikiwa mwanamke mzima, mwalimu tayari. Nilimwosha mimi pamoja na yule jirani yetu, aliyenielekeza kwa upole wapi nianze na wapi niishie. Jirani naye ametangulia. Nyumba ya udongo imeanguka upande wa sabla, na mitende ya mbele imekauka. Siku hizi habari ya kifo huingia kwenye simu mtu akiwa amesimama dukani, na anayeileta hajui kama umekula au hujala. Wajukuu zangu ni watoto wema, wanasali, wananibusu kichwani. Lakini Kiswahili chao ni cha kuombea chai tu, na nikiwahadithia haya kwa Kiarabu huona kama nimehadithia mambo ya watu wengine.

Sinung'uniki. Mwenyezi Mungu kanipa umri na kanipa wa kukaa nao. Ila kila alfajiri, nikishamaliza kuwaombea wazazi wangu, namwombea na yule mtu wa Unguja aliyemwosha baba yangu, kwa maneno yale yale aliyonirithisha bibi. Kwa hesabu ya umri, naye atakuwa ameshaoshwa zamani. Na sijui nani aliyemwosha.