Jogoo wa Chuo Aliyepigwa Mnada Kanisani

Nichekeni tu jamani, mimi mwenyewe nilishajicheka nikachoka, maana mtu mzima na sare yangu ya kwaya nimesimama nje ya kanisa nagombania jogoo na mume wangu.

Ilikuwa hivi. Chuo ninachosoma jioni hapa Kibaha, kila mwaka wanafunzi wapya tunapangwa makundi, tunapewa vitu vya ajabu vya kusaka, Jumapili saa tisa mnavipeleka vyote, na kundi likikosa hata kimoja linasafisha vyoo muhula mzima. Wenzangu (watoto wa kuwazaa kabisa, na walinuna walipopangiwa mama) walipata vyote isipokuwa jogoo mweusi tii. Nikawaambia, "Niachieni mimi." Nilitaka waone mama naye ni mtu.

Dada yangu akamleta kutoka Maneromango, ila alifika kanisani kengele ya ibada inalia, na mimi badala ya kumrudisha jogoo nyumbani Sofu nikaona aah, nimweke na kapu lake pale mlangoni, atanisubiri. Nimesahau kabisa kwamba ni Jumapili ya mavuno na kila kinachowekwa pale ni sadaka.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, namsikia mzee wa kanisa, "Jogoo huyu katolewa na Mama Neema, Mungu ambariki." Makofi. Mchungaji ananitabasamia, sasa ningesema nini? Nikanyoosha mkono nimnunue. Baba Neema naye akanyoosha (akiona kuku anawaza mchuzi tu). Nikapanda bei, akapanda. Nikamkanyaga mguu, akapanda tena.

"Mama Neema," akasema watu wote wanasikia, "si umemtoa mwenyewe kwa Bwana, mbona unamtaka tena?"

Nikasema ukweli, kwamba ni wa chuo, wa mchezo. Aliyeanza kucheka ni mchungaji.

Baba Neema akashinda mnada. Nikamwomba aniazime, akasema, "Kuazima nakuazima, ila simwachii mtu." Basi saa tisa chuoni wakamkuta mwanamume wa suti kakumbatia jogoo, wasimamizi wanakagua manyoya hukohuko kwapani kwake. Vyoo tukaviepuka, na wale watoto sasa wananiita Mama Jogoo, lakini wananiwekea kiti.

Ila mimi na mlango wa kanisa tumeshaelewana: nisichotaka kukiacha hakipiti pale. Hata mwavuli siku hizi namwachia mama anayeuza vitumbua nje ya geti.