Siku Tulipoombewa kwa Sababu ya Kijerumani

Chuo kikuu kilifungwa kwa ajili ya mgomo, nikarudi kwetu Khayega na mwenzangu wa darasani. Kwao ni Navakholo, lakini alipenda sana upishi wa mama yangu. Tulikuwa tunasomea Kijerumani pamoja na falsafa, mchanganyiko ambao hakuna aliyeuelewa kijijini. Baba aliwaambia watu kwamba nasomea mambo ya serikali.

Ili tusisahau lugha, tulikubaliana kuzungumza Kijerumani tu hadi chuo kifunguliwe. Asubuhi moja, tukipalilia mahindi, tukaanza kubishana kama kutokuwepo kwa kitu nako ni kitu. Yeye alisema ndiyo, mimi nikakataa. Kijerumani chetu kilikuwa haba, kwa hiyo kila tulipokosa neno tuliongeza sauti.

"Nein!" nilifoka, jembe juu.

"Doch!" akajibu, yaani ndiyo, naye jembe juu.

Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Mnataka kuuana? Wekeni majembe chini!"

"Hatugombani, Mama. Tunajadili kama kutokuwepo kupo."

Alitutazama kwa huruma, kisha akaenda kumwita mchungaji.

Jumapili tukaketishwa mbele ya kanisa. Mchungaji alieleza kwamba vijana hawa wamerudi wakinena kwa lugha, na sharti ijulikane imetoka juu au imetoka chini. Akamwamuru mwenzangu anene, nami nifasiri. Maskini, alisimama. Kijerumani chote kilimtoka kichwani, likabaki somo la kwanza la kitabu chetu, lile la stesheni. Akaanza kulisema kwa sauti nyembamba, nami nikafasiri neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

"Samahani, treni inaondoka saa ngapi?"

"Amina!" akaitikia mama mmoja kutoka nyuma.

"Mimi nina sanduku moja tu."

"Amina!" kanisa zima.

"Je, nitabadilisha treni njiani, au hii inafika moja kwa moja?"

Hapo akina mama wakasimama. Mmoja alilia akisema yeye amebeba masanduku mengi mno, na leo anayatua. Mchungaji akapangusa macho kwa leso. Mwenzangu akapata moyo, akaagiza kahawa na keki. Nikafasiri hayo pia, yakapokelewa kwa vigelegele.

Lugha yetu ikatangazwa kuwa ya juu. Mchungaji alituchukua kwake akatuchinjia ingokho, kuku wa heshima kwetu, tukala tumeinamia sahani, maana tungetazamana tu, kicheko kingetutoa mezani.

Juma lililofuata, waumini wa Shianda wakaja kutualika kwenye mkutano wao. Mwenzangu aliposikia, alitorokea Navakholo. Mimi sikuwa na pa kutorokea, kwani Mama alikuwa ameshakubali kwa niaba yangu. Nilisimama peke yangu, nikanena na kujifasiria somo la pili, lile la mgonjwa kwa daktari wa meno.

Watu wawili wakaokoka.