Mfasiri wa Picha ya Ndoto

Siku zile za ujana wetu Changamwe, nilikubali kufasiri picha ya sinema ambayo mwisho wake sikuujua, na mpaka leo natamani ningekataa.

Picha zilikuwa zikija kwa gari kila Jumamosi baada ya alasiri, tukizitazama katika ukumbi wa wafanyakazi, madirisha yamezibwa kwa magunia. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuwa akisimama juu ya meza kando ya shuka nyeupe, akifasiri kwa sauti; siku ninayoisimulia zamu ilikuwa yangu. Wajukuu zangu hutazama zao kwenye simu, kila mtu na waya zake masikioni, wala hawacheki. Sisi tulicheka mpaka mabenchi yakapinduka, mikono inanuka muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya ajabu. Wataalamu walimfunga bwana mmoja nyaya kichwani, wakamlaza, na mashine ikaonyesha ndoto zake. Kila akilala humwona mkewe aliyepotea. Kila akiamka, chumba kitupu. Mwishoni mlango ukabishwa. Akaenda kuufungua, na picha ikaisha hapo hapo, bila kutuambia kama bwana yule yuko macho au bado anaota.

"Sasa nani huyo mlangoni?" mama mmoja akauliza.

"Muulize huyo msomi. Au skuli anakwenda kula wali tu?" mwingine akadakia.

Rafiki yangu Katana akanifinya mguu. "Sema ni mkewe, bwana. Watu warudi kwao na furaha."

Nikasema ni mkewe, amerudi. Ukumbi ukajaa vigelegele.

Upande wa wanawake alikaa Shangazi Mwanaisha, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mumewe, baharia, alikuwa hajasikika habari zake mwaka wa tano, na kadhi alikwishamfungulia njia ya kuolewa. Bwana Hamisi, fundi cherehani mpole, alikuwa akingoja jibu lake. Jumapili asubuhi akapelekewa jibu: hapana.

"Nimemuota mume wangu mara tatu akipiga hodi," Shangazi aliniambia, akinimiminia chai. "Na jana umenipa maana yake wewe mwenyewe, mwanangu."

Sikumwambia kwamba mwisho ule niliutunga mimi. Nilikuwa bado nasifiwa mtaa mzima, na sifa zile sikutaka kuziharibu.

Nilimwambia kweli uhuru ulipokaribia, nimekwishamaliza shule. Bwana Hamisi alikuwa na mke na watoto wawili, baharia hakuonekana.

"Ile picha mimi sikuijali," Shangazi akasema. "Nilikuamini wewe."

Nimeishi vyema, alhamdulillahi, na zile Jumamosi bado zinanichekesha. Siku hizi maneno huandikwa chini ya picha, kila mtu akajisomea; hapo nawaonea wivu wajukuu zangu. Shangazi alihamia Lamu kwa dada yake, akakataa nimfuate, na sikumwona tena mpaka siku ya maziko yake. Uongo wangu ulimnyima yeye mume, na mimi ukaninyima mama.