Kunde za Mama Nilizozimwagia Maji ya Moto

Nyumba yangu ya Nyakato nimeijenga mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kufunga nyaya katika majengo ya watu Dar es Salaam. Stashahada yangu ya umeme niliisomea jioni, nikitoka kazini, na hakuna mjomba aliyenilipia ada. Hayo nayasema mbele ya mtu yeyote. La kunde ndilo linaloniinamisha kichwa.

Binti yangu wa darasa la pili alipewa mradi wa sayansi: aoteshe mbegu kwenye pamba yenye maji, kisha aeleze darasani alichokiona. Mama yangu, anayeishi Butiama, alimpa kiganja cha kunde kutoka kwenye chungu chake cha mbegu. Mama huzichanganya na majivu ili zisibunguliwe, kwa hiyo zilifika mjini zimepauka kama zimeokotwa jalalani. Tukiwa njiani kurudi, mimi nikanunua nyingine Bunda, kwenye duka la pembejeo, zikiwa ndani ya pakiti.

"Tutazishindanisha," nikamwambia mtoto. "Za bibi na za kisasa."

Sikutaka majivu kwenye meza yangu ya kioo. Nikatia za mama kwenye bakuli, nikazimwagia maji ya chupa ya chai, nikazisugua mpaka zikang'aa.

Za dukani ziliota. Za mama zilivimba, zikaanza kunuka, basi. Nilifurahi. Inaniuma kuliandika neno hilo, lakini nilifurahi, na nikampigia mama simu palepale.

"Mama, mbegu zako zimekufa. Mjukuu wako amezipima kisayansi."

"Zimekufa? Mbona mwaka jana ziliota?"

"Ndivyo zinavyokuwaga zikizeeka. Achana na mambo ya majivu, nitakuletea za pakiti."

"Haya, baba. Ninyi ndio mmesoma."

Siku ya wazazi shuleni, binti yangu alisimama mbele na vikopo vyake viwili. Mimi nilikaa kiti cha mbele, nimevaa koti. Alieleza vizuri, bila kigugumizi, mpaka mwalimu wake alipomuuliza kama mbegu zote zilitunzwa sawasawa.

"Hapana, mwalimu. Za bibi, baba aliziogesha kwanza."

"Kwa maji gani?"

"Ya chai. Yalikuwa yanatoa moshi."

Watoto wakacheka, wazazi wakacheka zaidi. Mmoja nyuma yangu akasema, "Fundi, hukuotesha, umepika! Ungetia na chumvi kabisa." Nikacheka nao, maana sikujua niuweke wapi uso wangu. Binti yangu hakucheka. Alikuwa ananitazama, akingoja nimwambie kama amekosea kusema. Mimi nikawa nafunga vifungo vya koti langu.

Jumamosi tukaenda Butiama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumweleza mama, lakini tulipofika alitupakulia makande kabla sijafungua mdomo.

"Kuleni. Kunde zenyewe ndizo zile zilizokufa. Nikaona nisizitupe."

Chungu cha mbegu kilikuwa kimeoshwa na kuinamishwa ukutani.

Kila majira ya kupanda yakikaribia, majirani huja kwa mama kuomba mbegu. Ndivyo ilivyokuwa tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuona mtu akiondoka mikono mitupu. Mwaka huu, mama akatueleza tukiwa tunakula, aliwarudisha wote. Aliwaambia mjukuu wake amezipima, na kwamba mwanawe msomi amethibitisha.

Bado nilikuwa natafuta pa kuanzia, mtoto akanitangulia.

"Bibi, hazikuwa zimekufa. Baba alizimwagia maji ya moto."

Mama akaweka upawa chini. Nilitegemea anigombeze, ingekuwa afadhali.

"Na mimi nikawaambia watu wote zimekufa?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimeshakusamehe. Wao je? Chukua hilo bakuli. Uende kwao, uwaambie mwenyewe nani aliziua, uombe kama kuna aliyebakiza za mwaka jana."

Basi nikazunguka kitongoji chetu cha Mwitongo na bakuli la plastiki, nikipiga hodi kwa watu ambao mwaka jana tu niliwaonyesha picha za nyumba yangu kwenye simu. Mtoto alinifuata. Nyumba ya kwanza walikuwa wamepika kunde zao pia, baada ya kusikia habari za utafiti wetu. Ilibidi niwaeleze jambo lile mara mbili, kwa sababu mwenye nyumba alimwita mume wake aje naye asikie.

Nyumba iliyofuata ni ya mama mmoja mzee, anayenijua tangu nikitembea bila kaptula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia jikoni, akatoka na kunde kiganja kimoja, majivu yakimdondoka kati ya vidole.

Nikanyoosha bakuli. Akaupitisha mkono kando yake, akammiminia mtoto viganjani.

"Shika wewe, mama," akamwambia. "Na usimpe huyu."