Ng'ombe Aliyekataa Kuvuka

Siku ya kufunga shule, mwezi huu wa sita, mwalimu wetu wa kompyuta alishusha mapazia, akawasha projekta na kutuonyesha filamu ya historia ya michezo ya kompyuta. Si ile unayoijua wewe, ya risasi na magari. Hii ilikuwa michezo ya zamani isiyo na picha hata moja. Kioo cheusi, maandishi ya kijani. Mashine inakuandikia kwamba upo mbele ya nyumba, mlango umefungwa. Wewe unaandika: fungua mlango. Inakuambia kilichomo ndani, unaandika tena, hivyo hivyo mpaka ushinde au ufe.

Darasa lilizomea. Mmoja wa nyuma alisema huo si mchezo, ni swali la ufahamu, watu wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kwenye filamu wazee wa kizungu wenye ndevu walikuwa wanakunjua makaratasi yao ya zamani, ramani walizochora ujanani ili wasipotee mchezoni. Mmoja alifuta machozi. Kisha msimulizi akasema, kwa ile sauti yao ya kujiamini, kwamba hapo ndipo kwa mara ya kwanza duniani hadithi ilimgeukia msikilizaji na kumuuliza, sasa unafanya nini?

Eti kwa mara ya kwanza duniani! Sitii chumvi, mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyeonja samaki aliyeharibika. Mwalimu akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kucheza mchezo wa namna hiyo. Mkono wangu ulibaki chini ya dawati. Nami niliucheza miaka minne, kijijini Msanzi, kwa bibi yangu, kwenye nyumba isiyo na umeme.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi Sumbawanga mjini, akaniacha kwa bibi tangu sijaanza shule mpaka katikati ya darasa la tatu. Nilikuwa mtoto wa kimya, kimya cha kuudhi. Nikitumwa dukani nasimama pembeni mpaka muuzaji anione mwenyewe. Kanisani wageni walidhani mimi ni bubu. Bibi hakunilazimisha kuongea. Alinipa hindi.

Mwezi wa sita kule Msanzi, nyanda za juu, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tulikuwa tunakaa juani nyuma ya jiko, upande ambao upepo haufiki, lundo la mahindi mbele yetu. Tunapukuchua kwa mkono: unang'oa mstari wa kwanza kwa kidole gumba, halafu unasugua hindi kwa gunzi tupu, punje zinadondoka kwenye turubai kama mvua inayoanza juu ya bati. Ndani maharage yanachemka, moshi wa kuni za mkaratusi unapenya chini ya paa na kutufuata popote tuliposogea. Kidole kinatoka lengelenge, lengelenge linapasuka, unaendelea.

Basi bibi anaanza bila kuniangalia. "Umesimama njia panda. Kushoto kisima, kulia moshi. Unafanyaje, mke mwenzangu?" Wajukuu wote wa kike alituita hivyo. Nami nasema naenda kwenye moshi. Lakini jibu silipati mpaka hindi lililo mkononi mwangu liwe jeupe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, hatua moja kwa hindi moja. Ukitumbukia shimoni ukafa, unapukuchua matatu ndipo unafufuka. Ukianza maelezo marefu anakuambia hajasikia, sema kwa kifupi, maneno mengi yanasimamisha mikono. Wenzangu wangeona ni ukali. Kwangu ilikuwa raha isiyosemeka: maneno mawili tu, na nchi nzima inafunguka.

Jirani yetu, mama mmoja wa familia ya wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani, alikuwa akipita na kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Akikaa, anachukua hindi na yeye. Huyo alishindwa kabisa kuvumilia safari isiyo na mifugo. Siku moja akadakia tu: nyuma yako kuna ng'ombe mwekundu, anakufuata. Bibi alilalamika eti ameletewa mnyama wa kula hadithi yake. Jirani akamjibu kwamba ninyi watu wa huku, hata safari ya mdomoni mnakwenda mikono mitupu. Ng'ombe akabaki. Toka hapo ilibidi nimnyweshe, nimtafutie majani, na pangoni alikuwa haingii hata umvute mkia.

Ramani nilichora. Niliichora nyuma ya daftari la hesabu, na mwalimu wa darasa la tatu akaniuliza mito ile ni ya wilaya gani. Nikanyamaza kama kawaida yangu, nikala viboko viwili. Bibi alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, akasema mwalimu wa watu haijui ile barabara.

Jua likishuka bibi anapangusa mikono na kusema: "Usijisogeze. Nitakukuta hapo hapo." Na ananikuta kweli. Kesho yake, au msimu unaofuata, anajua nimesimama wapi na nimeshika nini. Msimu wa mwisho lundo liliisha nikiwa kwenye daraja la gogo moja, chini maji yanakimbia, na ng'ombe amegoma kuvuka. Juma lile mama akaja kunichukua. Baada ya hapo nilikuwa nakwenda Msanzi Krismasi tu, ambapo ghala limeshajaa na hakuna cha kupukuchua, kwa hiyo hakuna mchezo.

Sasa nafika mahali ambapo nikiandika najiona kinyaa.

Nilipokuwa kidato cha kwanza bibi aliletwa kwetu Malangali, pale pale Sumbawanga mjini, atibiwe masikio. Wasichana watatu wa darasani kwangu walikuja kufanya kazi ya kikundi. Mimi kupata marafiki watatu ni kazi ya mwaka mzima, ujue hilo kwanza. Tulikaa sebuleni, bibi kwenye mkeka anachambua maharage kwenye ungo. Nadhani ungo ndio uliomkumbusha. Mikono yake ilipoanza kwenda, mdomo ukafuata. Bila kuinua macho akasema, "Umesimama kwenye daraja la gogo. Ng'ombe hataki. Unafanyaje, mke mwenzangu?"

Wenzangu wakatazamana. Mmoja akagusa upande wa kichwa chake kwa kidole, akaniinulia nyusi. Nami, ambaye miaka mitano nilikuwa nalisubiri swali hilo, nilicheka. Nikasema kwa sauti ndogo, "Amezeeka tu, anaongea peke yake."

Sauti ndogo, unaona? Niliyategemea masikio yake. Hicho ndicho kinachonikera kuliko maneno yenyewe, kwamba nilipima kwanza kama atasikia. Bibi alimaliza maharage, akatoa mawe, akayatupa nje. Kesho yake alimwomba mama amrudishe Msanzi kabla hata ya siku ya kurudi hospitali. Mama alidhani amechoshwa na kelele za mjini. Swali lile hakuniuliza tena, na mimi kwa miaka miwili nilijidanganya kwamba ni kwa sababu hakuna mahindi.

Jumamosi, siku ya pili baada ya filamu, nilimwambia mama nakwenda kwa bibi. Nilijua ni msimu. Njia nzima nilikuwa narudia kichwani maneno mawili: nipo darajani. Nilikuwa nimejiandaa kukaa na lundo siku tatu.

Mngurumo niliusikia kabla sijaiona nyumba. Uwanjani pa bibi palikuwa na trekta na mashine ya kupukuchua, vijana wamejifunga vitambaa puani wanaimwagia mahindi kwa magunia. Inameza hindi zima na kutapika gunzi lililovunjika. Vumbi lilitanda mpaka jikoni, likakaa juu ya maji ya kunywa kama utando, likaniingia shingoni na kuwasha. Nilipenga kamasi nyeusi. Sijawahi kuona kitu kichafu hivyo kinachoitwa msaada. Kazi yetu ya wiki tatu ilikwisha kwa saa moja, na katika saa hiyo hakuna mtu aliyeweza kumwambia mwenzake neno. Jirani wa maziwa naye alishahama na ng'ombe wake, niliambiwa, kwenda kutafuta malisho.

Bibi alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono imelala mapajani haina kitu. Nikamwamkia shikamoo, akanisoma midomo, akaitikia marahaba. Mashine ikazimwa. Nikazunguka uwanja nikiinama kama kuku, nikaokota mahindi yaliyoruka pembeni. Tisa, mengine nusu. Nikayaweka miguuni pake, nikashika moja.

"Bibi, nipo darajani," nilisema.

"Nani?"

Nikarudia. Akatega sikio, akatikisa kichwa. Vijana wa mashine walikuwa wameketi wanakunywa togwa, wote wanatutazama. Nikafumba macho nikapiga kelele, "Nipo darajani! Na ng'ombe!"

"Oya, huyu sista vipi?" mmoja akasema, na nilipofumbua macho nikamwona anagusa upande wa kichwa chake kwa kidole. Wakacheka. Nilistahili.

Bibi hakucheka. Aliokota hindi, akang'oa mstari wa kwanza, polepole, mpaka nikadhani ameshanisahau.

"Ng'ombe alishavuka zamani," alisema. "Uliyebaki ni wewe."

Kwa hiyo alinisikia siku ile sebuleni, nilipomkana. Alisikia kila neno. Nikamwambia kwa kelele kwamba navuka, akanionyesha hindi langu kwa kidevu: pukuchua kwanza.

Tisa hayakufika mbali. Ng'ambo kulikuwa na nyasi ndefu, na ng'ombe mwekundu ananisubiri amenenepa, na mbele nyumba yenye mlango wazi. Hindi la mwisho lilinikuta kizingitini. Bibi akapangusa mikono, akaniambia lile neno lake: nisijisogeze.

Mwakani mashine itakuja tena, na masikio yale hayarudi. Wazee wa kwenye filamu wana makaratasi yao, wanakunjua wanalia. Daftari la hesabu lenye ramani yangu liliwashiwa moto jikoni, na nchi yenyewe ipo kwenye kichwa kimoja tu, Msanzi, kinachosikia nikipiga kelele tu. Nimerudi Malangali, napenga bado vumbi jeusi, na kila nikikumbuka mkono wangu chini ya dawati natamani kutema mate.

Lakini sijajisogeza.