Bakuli Moja kwa Mafundi Wawili

Tokujiro alikuwa fundi wa kukandika kuta za udongo, na mdomo wake haukuwa na breki. Mji mzima wa Kameoka, huko Japani, ulimjua hivyo. Yeye na Isamu, seremala, walikuwa chanda na pete tangu ujanani, mpaka Isamu alipomjengea mwanawe nyumba kule Nagoya, akaweka kuta za jipsamu na kuzibandika karatasi. Hakumwita Tokujiro kuja kuzikandika. Tokujiro akamwambia mbele za watu, "Hilo ni boksi la viatu, si nyumba!" Basi, wakanuniana, na miaka ikapita.

Hata walipopewa kazi moja, kibanda cha chai cha Mwalimu Sawako, aliyefundisha desturi ya kuandaa na kunywa chai, hawakusemezana. Walimgeuza mwalimu kuwa simu yao.

"Mwambie huyo bwana nguzo yake imepinda."

"Mwambie huyo mzee macho yake ndiyo yamepinda."

Mama wa watu akawa kiguu na njia kutwa nzima. Lakini kibanda kilitoka kizuri, jamani! Udongo ulivyoishika ile nguzo, hata ukucha usingepita kati yake.

Wa kwanza kualikwa chai humo walikuwa wao wawili, kabla ya wanafunzi wa mwalimu. Wiki hiyohiyo Tokujiro akasikia kwamba Isamu anafunga karakana na kuhamia kwa mwanawe. Akajifanya hajali. Uongo mtupu, usingizi ulimpaa.

Siku ilipofika waliingia kwa magoti kupitia kijimlango, wakaketi mkekani bega kwa bega. Mwalimu akakoroga chai ya kijani, nzito kama uji. Chai hiyo hunywewa katika bakuli moja. Mgeni wa kwanza hunywa, humwomba radhi mwenzake kwa kumtangulia, kisha humpa bakuli. Wa pili huinama kuitikia, naye humaliza. Kukataa ni kumwaibisha mwenyeji. Tokujiro alikuwa akiogopa kitu kingine: wasipopatana hapa, watapatana wapi tena?

Isamu alikunywa, akapangusa ukingo, akainama.

"Nakutangulia, uniwie radhi."

Maneno ya desturi tu hayo, kila mgeni huyasema. Tokujiro akabaki kakaza shingo. Lakini Isamu hakuinua kichwa.

"Na zile kuta za Nagoya zimeota ukungu," alisema polepole. "Sikuwa na hela ya kukulipa, Toku. Nilijua ningekuita ungefanya bure. Nikaona haya."

"Ningefanya bure, ndiyo! Mpumbavu we! Kwani nani alikuomba hela?"

Sauti ilijaa kibandani. Mwalimu akaitazama birika yake kana kwamba hakusikia kitu.

Tokujiro akalichukua bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto, na Isamu alikuwa amembakishia nusu kamili. Akanywa mpaka tone la mwisho. Ilikuwa chungu. Aliona aibu kwa lile neno la boksi.

"Unahama lini?"

"Kesho asubuhi. Vyombo vimeshapakiwa kwenye lori."

Tokujiro aliweka bakuli chini. Kisha akainama, ule mwinamo aliopaswa kuinama mapema, mpaka paji la uso likagusa mkeka, na hakuinuka upesi.