Mwaka wa Utupa

Kwa miaka kumi na minne Athanas Mloka alikuwa bwana shamba katika vijiji vya juu ya Kinole, na katika miaka hiyo alikuwa na somo moja ambalo watu walilishika kuliko mengine yote. Walilishika mpaka wakawa wanamwigiza kwenye pombe, na kikohozi chake wakikitia. "Ukimaliza kupulizia dawa," alikuwa akisema, "usioshee bomba mtoni. Chimba shimo mbali na maji, mwaga humo, fukia. Walio chini yako wanaogea maji hayo hayo."

Mwaka 1992 serikali ilipunguza wafanyakazi, naye barua ikamfika. Hakurudi kwao Matombo. Alibaki kijijini kwa mkewe, Kristina, akalima shamba la ukoo wa mkewe, kwa ruhusa ya mzee Petro, mjomba wake Kristina, aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule. Duka la ushirika lilikuwa limekufa, na siku hizo za ruksa kila mwenye mtaji kidogo aliuza alichoweza. Athanas akafungua duka la mbegu na dawa za wadudu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Watu waliendelea kumwita bwana shamba, naye hakuwakataza.

Februari ya mwaka uliofuata, mfanyabiashara mmoja wa mjini Morogoro alimuuzia pipa zima la dawa lililotoka kwenye ghala la ushirika uliofungwa. Lebo ilikuwa imefutika. Athanas aliipima dawa ile katika chupa za soda, akawauzia wenye nyanya na kabichi, akiwaambia ni mpya. Alipofika chini ya pipa akakuta uji mzito wa njano, unanuka mpaka macho yanatoka machozi. Alijua maana yake. Dawa ilikuwa imekwisha muda wake siku nyingi.

Alijua pia la kufanya. Lakini kuchimba shimo kubwa nyuma ya nyumba, mchana, majirani wakipita na kumuuliza anafukia nini, kulimshinda. Ndio hao hao aliowauzia. Basi Jumapili moja akamwambia Kristina kwamba tumbo linamsumbua. Mke na watoto walipokwenda kanisani, akaliviringisha pipa hadi mto Lukwele, juu kidogo ya bwawa, akamwaga uji wote, akalisugua pipa kwa mchanga na kulisuuza mara tatu. Maji yakawa meupe kama maziwa, yakapita, yakawa maangavu tena. Alijisikia mwepesi. Wimbo wa mwisho wa misa ulikuwa haujaisha alipofika nyumbani.

Jumatatu asubuhi wanawake walioshuka kufua walirudi na ndoo zao za nguo bila kuzilowesha. Kambare walikuwa wamelala matumbo juu bwawa zima. Kaa walitoka majini wakafia kwenye mawe, vyura vivyo hivyo, na kufika Jumatano ndege walianza kuonekana wamekufa: mdiria wawili, wale wala samaki, kisha fundichuma amejikunja chini ya mgomba, mabawa yamefunguka. Watu walisimama ukingoni wakizungumza kwa sauti ya chini, kama msibani. Athanas alishuka nao. Alijaribu kuwahesabu kambare, akashindwa, akatazama mikono yake, akaitia mfukoni. Alilong'ang'ania moyoni lilikuwa moja tu, kwamba maji ya kunywa kijijini hapo yalitoka chemchemi ya juu.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Mzee Petro alisema bwawa lile ni la wakubwa, mizimu ya ukoo, tangu babu zake halikuguswa bila kuombwa, na sasa kuna mtu amelichafua. Chausiku, mwanamke aliyekuwa na genge la mboga, alisema alimsikia mhubiri mjini akieleza kwamba siku za mwisho zitaanzia majini. Kila mmoja alikuwa na lake. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, Emmanuel, akainua mkono.

"Tunaye mtaalamu hapa, na tunabishana. Bwana shamba, tueleze."

Athanas alisimama. Alikohoa, na mtu mmoja nyuma akatabasamu.

"Mvua za kwanza," alisema, "zikishusha tope jingi, samaki hukosa hewa majini. Inatokea."

"Mvua ipi?" Chausiku akauliza, bila ubaya wowote. "Mwaka huu bado hata tone."

Maneno yote ya kisomo aliyokuwa nayo Athanas yalimkimbia, na kabla hajayapata Chausiku akaongeza: "Au ni utupa?"

Vichwa vikageuka upande mmoja. Karibu na mlango wa darasa alisimama Salehe, mtu wa Tabora, aliyefika kijijini miaka mitatu nyuma baada ya kuachishwa kazi kwenye mashamba ya miwa. Aliishi na mkewe Shakila katika kibanda cha kupanga, akitega migono ya fito mtoni na kuuza samaki Kinole. Utupa kila mtu aliujua. Majani yake yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa na kuelea, nawe unawaokota tu.

"Bwana shamba," Emmanuel akauliza, "utupa unaweza kuua samaki wa bwawa zima?"

"Unaweza," Athanas akasema, akaketi.

Lilikuwa neno la kweli. Utupa mwingi unaweza. Lakini alijua kwamba mdiria aliyekula samaki wa utupa huruka akaenda zake, na kama wangemuuliza habari za ndege asingekuwa na pa kujificha. Hawakumuuliza.

"Mimi natega migono," Salehe alisema. Hakupaza sauti. "Kila siku nakula kwa mto ule. Nitautilia sumu ili kesho nile nini?"

"Wewe si wa hapa," mtu akajibu. "Utahamia mto mwingine."

Athanas naye hakuwa wa hapo. Mlimani kule ardhi ni ya ukoo wa mama, na shamba lake, nyumba yake, hata migomba aliyoipanda kwa mkono wake, vyote vilisimama juu ya neno la mzee Petro. Aliyafikiri hayo yote pale alipoketi, akitazama kiatu chake.

Migono ilichomwa siku ile ile. Salehe alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo akachinjwa pale bwawani ili wakubwa wapoe. Nyama iligawanywa. Athanas alipewa kipande cha paja, kwa heshima ya elimu yake, naye akakila mbele ya watu wote kwa sababu kutokula kungeonekana. Kesho yake Salehe na Shakila waliteremka na godoro na sufuria zao. Shakila alikuwa na mimba ya miezi sita. Walipopita mbele ya duka Salehe alisema, "Haya, bwana shamba, baki salama," kama mtu anayekwenda sokoni, na Athanas akaitikia kwa kichwa.

Siku chache baadaye Kristina alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Baba Juliana," alisema bila kuinua macho, "lile pipa uliliosha wapi?"

Athanas akainama kuokota maharage yaliyoanguka chini.

"Nilidhani hivyo," Kristina akasema. Aliendelea na maharage yake. Toka siku hiyo alimpikia, alimfulia, aliwaamkia wazazi wa mumewe walipokuja, lakini hakumuuliza tena jambo lolote, na nyumba ikawa na ukimya ambao hata wageni waliusikia.

La ajabu ni kwamba heshima yake iliongezeka. Watu walimletea nanasi, mkungu wa ndizi, pilipili manga ya kwanza ya msimu. Walisema bila bwana shamba wasingemjua mbaya wao. Mwezi wa saba padre alipoleta mradi wa bomba la maji, kikachaguliwa chombo cha kuusimamia, na mzee Petro mwenyewe akasimama kumpendekeza Athanas awe mwenyekiti wa kamati ya maji. Watu walipiga makofi. Athanas aliinuka akitaka kusema hapana, akajisikia akisema asante. Alipotazama upande wa wanawake, Kristina alikuwa anaondoka.

Wiki ile Athanas aliaga kwamba anafuata mbegu mjini. Hakuishia mjini. Alipanda lori hadi Dakawa, ambako alisikia Salehe amepata kibarua kwenye mpunga, akauliza kambi hadi kambi mpaka alipoelekezwa kwenye mfereji mmoja.

Njiani alikanyaga ndege. Kweleakwelea, wale wala nafaka, walikuwa wametapakaa kando ya matete kwa maelfu, wadogo, midomo myekundu. Ndege ya serikali ilikuwa imepita juzi kupulizia dawa mazalio yao, na hapa hakuna aliyetafuta mchawi. Kila mtu alijua nani kawaua na kwa nini. Wanawake wawili walikuwa wanawaokota kwenye ndoo.

Alimkuta Salehe anazibua mfereji kwa jembe. Nyuma yake Shakila alikaa kivulini mwa turubai na mtoto mchanga.

"Salama, bwana shamba," Salehe akasema. "Umetoka mbali."

"Salama." Athanas alibaki amesimama. "Wale ndege, msile."

"Nimeshamkataza mke wangu. Hayo ulitufundisha mwenyewe."

Athanas akasema yote, haraka, kwa mpangilio mbaya, pipa kabla ya dawa na Jumapili baada ya Jumatatu. Salehe alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Mimi nilijua si mimi," Salehe akasema. "Nilikuwa nalala nikijiuliza ni nani. Nilikuwa nafikiri labda kweli ni hayo mambo yao ya bwawani. Wewe sikukufikiria hata mara moja."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Hapa?" Salehe alitazama huku na huku, mpunga, matete, ndoo za ndege. "Hapa hakuna aliyenichomea migono. Kaseme kule. Ukishasema kule, mimi nitaona."

Shakila alimgeuza mtoto, akampa Athanas mgongo.

Athanas alirudi kijijini, akasema. Aliomba mkutano uitishwe, akasimama pale pale, na safari hii akaenda kwa mpangilio. Alidhani watamfukuza. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, hata nguo zake alizikunja asubuhi. Lakini watu walitazamana tu, wakiwa na aibu, kama waliomkuta mkubwa wao anaoga.

"Bwana shamba, umechoka," Emmanuel akasema taratibu. "Kuachishwa kazi kunasumbua akili."

"Sijachoka. Nilimwaga mimi."

Mzee Petro alisimama kwa fimbo yake. "Tulichinja mbuzi wa mtu," alisema. "Tukala. Wewe ulikula nasi." Akaondoka, na watu wakamfuata wawili wawili, bila kupiga kelele, mpaka Athanas akabaki na viti vya shule.

Hakunyang'anywa shamba. Uenyekiti alipewa mwingine. Duka alilifunga mwenyewe, na chupa zilizobaki akazikusanya nyumba kwa nyumba na kuzifukia mchana, shimo lenye kimo cha mtu, kila apitaye akimwona. Wengine walikataa kumrudishia. Walisema dawa inaua vizuri. Alituma ujumbe Dakawa mara mbili, na mbuzi kwa mkono wa dereva wa lori. Mbuzi alipokelewa. Salehe hakurudi. Kambare walionekana tena mwaka wa tatu, wembamba. Kaa walichelewa zaidi.

Kristina alianza kuzungumza naye polepole, kwanza habari za watoto, kisha za shamba. Habari ya pipa hawakuigusa tena.

Ila kijiji kilikuwa kimeshaupa mwaka ule jina. Watoto waliozaliwa wakati huo waliambiwa wamezaliwa mwaka wa utupa, na waliokuja kuoa pale walisimuliwa habari za mtu wa Tabora aliyeua mto. Miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya mzee Petro, mkwe mmoja wa mbali alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa madaha, na waliokuwepo siku ile ya mkutano walikuwa wamekaa pale pale, wakinywa chai. Hakuna aliyemsahihisha. Athanas, mvi tupu, akaweka kikombe chini.

"Hakukuwa na utupa," alisema. "Alikuwa mtu anaitwa Salehe, na hakufanya kitu. Sumu niliimwaga mimi."

Mkwe akacheka, akidhani ni utani wa wazee, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alitazama wenyeji, nao walitazama chini. Mtu akauliza kama sukari ipo bado. Athanas akaanza kueleza upya, tangu mwanzo, kwa kuwa mgeni yule hakuwa amemjua Salehe.